Hitilafu za umeme kwenye gari la kisasa: hatua kwa hatua, kuanzia betri hadi kaunta ya wakala

Maswali ni yale yale. "Taa ya cheki injini imewaka, nibadilishe nini?" "Fundi kasema kontroli boksi (kompyuta ya gari) imekufa, ni kweli?" "Nimelirudisha kwa wakala mara ya tatu na wanasema hawaoni tatizo, nifanyeje?" Mwongozo huu ni wako unayeendesha gari la miaka ya 2010 kuja huku hapa Dar es Salaam, liwe limenunuliwa jipya kwa wakala au limeshushwa bandarini kutoka Japani likiwa limetumika.

Kabla ya yote shika hili: hakuna kifaa kinachobadilishwa mpaka kipimo kionyeshe kuwa ndicho kilichoharibika. Skana, yaani kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, ikitaja jina la sensa, haijasema sensa imekufa. Imesema kompyuta haipendi taarifa inayotoka upande ule. Sababu inaweza kuwa sensa, waya, soketi yenye kutu, au betri iliyochoka. Hela nyingi mjini hapa zinapotea katika pengo hilo, na inauma zaidi kwa sababu vipimo vya kuliziba ni vya dakika chache.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mita ya umeme inayopima volti, omu na ampea hadi 10. Ya bei ya kawaida kutoka Kariakoo inatosha, ila nunua na betri mpya ya mita. Betri ya mita ikichoka, namba zinadanganya.
- Kifaa cha kusomea misimbo, yaani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari. Kidogo cha Bluetooth aina ya ELM327 pamoja na programu ya simu kama Torque au Car Scanner kitakusomea injini. Hakitegemewi kwa ABS (breki zinazozuia matairi kufunga), mifuko ya hewa, usukani wa umeme au milango. Kwa hayo utahitaji fundi mwenye skana inayosoma mifumo yote.
- Spana namba 10 na 12, msasa laini, brashi ya waya, vaselini au grisi.
- Dawa ya kupuliza ya kusafishia soketi za umeme.
- Fyuzi za akiba za saizi zinazotumika kwenye gari lako.
- Simu yenye kamera na daftari.
- Kadi ya gari na namba ya chesisi. Gari la soko la Japani lina namba fupi ya chesisi, si ile ya herufi na tarakimu 17. Mitandao mingi ya kutafutia spea inayodai tarakimu 17 itakukataa. Tafuta katalogi za soko la Japani.

Tahadhari mbili ambazo hazina mjadala. Waya wa rangi ya chungwa kwenye gari la haibridi una umeme unaoweza kuua, usiuguse, usiupime. Soketi za njano ni za mifuko ya hewa. Usizipime kwa mita hata kidogo, kwa sababu mkondo mdogo wa mita unaweza kuulipua mfuko.

Hatua ya 1: Rekodi kabla hujagusa chochote

Piga video ya dashibodi, swichi ikiwa imewashwa na injini ikinguruma. Andika kilomita, saa, kama kulikuwa na mvua, gari lilikuwa kwenye foleni au mwendo, AC ilikuwa imewashwa au la, na lilipooshwa mara ya mwisho. Hilo la kuoshwa si dogo. Vituo vingi vya kuoshea magari hupiga injini maji ya presha, na siku ya pili koili za plagi zinaanza kukosa moto.

Usichomoe betri "ili taa izime". Ukichomoa unafuta misimbo, na unafuta pia kumbukumbu ya hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: mizunguko ya injini, joto, mwendo. Huo ndio ushahidi wako. Zaidi ya hapo, redio nyingi za kiwandani za Toyota za Japani zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri au kadi ya SD ya ramani, ambayo mara nyingi ilishatolewa kabla gari halijafika bandarini.

Hatua ya 2: Amua kama gari linaendelea au linasimama

Simama mahali salama na zima injini ukiona taa nyekundu ya oili au ya joto. Taa nyekundu ya breki ikiwa handibreki imeshushwa ina maana usiendelee mpaka uangalie kimiminika cha breki. Taa nyekundu ya betri ina maana altaneta haichaji. Unatembea na akiba ya betri peke yake, na usiku kwenye foleni, taa na AC zikiwaka, akiba hiyo huisha haraka. Zima AC na redio, nenda gereji ya karibu, usizime injini njiani.

Taa ya njano ya cheki injini isiyopepesa inakuruhusu kuendesha kwa utulivu hadi nyumbani. Ikipepesa, silinda mojawapo haichomi mafuta, na mafuta hayo mabichi yanakwenda kuunguza kichujio cha ekzosi. Punguza mwendo na usiendelee umbali mrefu.

Taa nyingi zikiwaka kwa pamoja, yaani ABS, VSC (kinga ya gari kuteleza), usukani na cheki injini kwa mkupuo, usidhani vifaa vinne vimekufa siku moja. Anza na umeme wenyewe, hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Pima betri asubuhi

Gari liwe limelala usiku kucha. Kufungua mlango ili uvute lachi ya boneti kunaziamsha kompyuta, kwa hiyo fungua boneti, funga milango, peleka ufunguo mbali, subiri nusu saa ndipo upime. Gusa nguzo zenyewe za risasi, si vibanio vya waya.

Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni robo tatu hivi. 12.2 ni nusu. Chini ya 12.0 ni tupu, na vipimo vingine vyote utakavyofanya havitaaminika mpaka uichaji au uibadilishe.

Kwenye BMW nyingi na Prius nyingi betri iko nyuma, huku mbele kukiwa na nguzo za kubustia. Kipimo cha kuaminika ni cha betri yenyewe.

Kuhusu kubadilisha betri, hapa ndipo wengi wanapokosea. Gari lenye mfumo wa kuzima injini kwenye foleni linahitaji betri iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa magari ya Japani angalia maandishi kama Q-85 au M-42. Betri ya kawaida 55D23L inaingia vizuri mahali pa Q-85 kwa sababu umbo linalingana, na muuzaji atakuambia "hii ni ile ile". Haifanani kwa ndani. Itachoka mapema na itakuletea taa zisizoeleweka. Kwa BMW na baadhi ya magari mengine ya Ulaya, betri mpya inatakiwa pia isajiliwe kwenye kompyuta kwa skana, la sivyo gari linaendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu.

Hatua ya 4: Pima wakati wa kuwasha na wakati wa kuchaji

Mwombe mtu awashe huku mita ikiwa kwenye nguzo za betri. Volti isishuke chini ya 9.6 stata inapozungusha. Ikishuka hadi 8 au 7, kompyuta zinazimika na kuwaka upya katikati ya kuwasha, na kila moja inaandika malalamiko yake. Hapo ndipo unapata misimbo kumi kwa tatizo moja.

Injini ikishawaka, tarajia volti 13.5 hadi 14.7. Magari mengi mapya hupunguza chaji kwa makusudi ili kubana mafuta, hivyo ukiona 12.8 usikimbilie kuhukumu altaneta. Washa taa kubwa, feni ya AC hadi mwisho na kipasha joto cha kioo cha nyuma. Altaneta nzima itapanda. Isipopanda, altaneta au waya wake wa amri una shida. Ikikaa juu ya 15 muda wote, kidhibiti chaji kimeharibika. Usiendelee kuendesha, unaunguza kompyuta.

Kisha geuza mita ipime volti za AC kwenye betri ile ile injini ikiwaka. Ikizidi 0.5, daiodi ya altaneta inavuja. Hitilafu hiyo huleta sensa zinazoruka ruka na usukani unaowasha taa yake bila mpangilio, na wengi huishia kununua sensa.

Hatua ya 5: Pima ethi

Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia waya na chuma cha gari. Hatua hii hurukwa kuliko zote, na kwa mji wa pwani ndiyo ningeipa uzito wa kwanza. Hewa ya chumvi ya Masaki, Msasani, Kigamboni na Mbezi Beach hula viungo vya waya wa ethi taratibu, chini ya nati, mahali ambapo macho hayafiki.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye chuma kisafi cha injini, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Mtu awashe gari. Isizidi 0.2 stata inapozungusha. Rudia kati ya bodi ya gari na nguzo hasi, injini ikiwaka, taa na feni zimewashwa: isizidi 0.1.

Ikizidi, fuata waya wa ethi hadi unapofungwa. Chomoa kibanio hasi cha betri kwanza (redio ikumbuke, na misimbo ya hatua ya 7 isome kwanza kabla haijafutika), legeza nati, piga msasa chuma na kichwa cha waya hadi ving'are, kaza, ndipo upake vaselini juu. Kupaka kabla ya kukaza ni kosa: vaselini ni ya kuzuia hewa, haipitishi umeme. Pima tena.

Hatua ya 6: Kagua fyuzi, soketi na vilivyoongezwa

Fyuzi: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Iliyoungua irudishiwe ya ampea zile zile. Ukiweka kubwa zaidi "isiungue tena", kitakachoungua ni waya ndani ya dashibodi.

Soketi: ichomoe, angalia kutu ya kijani, pini iliyopinda, maji. Puliza dawa, acha ikauke, irudishe hadi isikike "tak". Angalia pia meno ya panya kwenye waya, hasa kwa magari yanayolala nje karibu na majaa.

Vilivyoongezwa: hapa kaa kidogo. Gari la Dar mara nyingi limefungwa alamu, kifaa cha GPS cha kufuatilia, redio ya Android na kamera, kila kimoja na fundi wake, na kila fundi kakwangua waya wa kiwandani na kuzungushia tepu. Joto linailegeza tepu, unyevu unaingia, waya unaoza. Vuta paneli ya chini ya usukani uone. Ukikuta vifundo vya tepu, hao ndio watuhumiwa wako wa kwanza kabla ya kompyuta yoyote. Gari likiwa bado kwenye waranti, vifundo hivyo pia ndivyo vitakavyompa wakala sababu ya kukataa dai lako. Kifaa chochote kifungwe kwa soketi zake maalumu, bila kukata waya, na upate risiti ya fundi.

Marufuku mbili unaposhika waya: usitoboe ganda la waya kwa sindano ya kupimia, maji ya chumvi yataingia humo na kuula ndani kwa ndani; wala usitumie taa ya balbu ya kupimia kwenye waya za sensa au kompyuta, inavuta umeme mwingi kuliko sakiti hizo zinavyobeba.

Hatua ya 7: Soma misimbo ya kompyuta zote

Nadharia fupi tu: gari lina kompyuta nyingi, na zinaongea kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja. Moja ikinyamaza, nyingine zinalalamika.

Herufi ya kwanza inakuambia eneo. P ni injini na gia, C ni breki na usukani, B ni bodi na mifuko ya hewa, U ni mawasiliano. Andika kila msimbo, kompyuta iliyoutoa, na kama ni wa sasa au wa zamani. Piga picha ya skrini. Ndipo ufute, uendeshe siku mbili tatu, usome tena. Unaorudi ndio wa kushughulikia.

Zishughulikie kwa mpangilio huu: misimbo ya volti kwanza (P0562 ni volti ndogo), halafu ya U (U0100 ni kukosa mawasiliano na kompyuta ya injini), halafu ya sensa, mwisho ile ya matokeo. C1201 kwenye Toyota ni mfano wa matokeo: kompyuta ya breki inasema injini ina shida. Ukitengeneza injini, wenyewe unaisha. Kuna wanaouziwa pampu ya ABS kwa C1201; kataa.

Hatua ya 8: Thibitisha kabla ya kununua

- P0301 (silinda ya kwanza haichomi): hamisha koili ya silinda 1 uipeleke 2, ya 2 ije 1. Futa, endesha. Msimbo ukigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0301, angalia plagi, kisha nozeli, kisha kompresheni.
- P0171 (hewa imezidi mafuta): tafuta mpira uliopasuka baada ya kichujio cha hewa, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, kisha pima presha ya mafuta. Sensa ya oksijeni inayotajwa sana hapa huwa inasema kweli tu.
- P0113 (sensa ya joto la hewa, umeme uko juu): mara nyingi soketi imechomoka au waya umekatika baada ya kubadilisha kichujio.
- P0420 (kichujio cha ekzosi): kwanza hakikisha hakuna uvujaji wa ekzosi wala silinda inayokosa moto. Kichujio ni ghali na hakipaswi kuwa dhana ya kwanza.
- P0A80 (betri ya haibridi): omba kuona volti za kila kundi la seli gari likiwa kwenye mzigo, na kagua kichujio na feni ya kupoza betri. Feni iliyojaa vumbi huua betri mpya kama ilivyoua ya zamani.
- Misimbo mingi ya U: zima gari, chomoa kibanio hasi, pima omu kati ya pini 6 na 14 za soketi ya skana. 60 hivi ni sawa. 120 ina maana upande mmoja wa waya umekatika. Karibu na sifuri ina maana waya mbili zimegusana.

Kuhusu kontroli boksi: haihukumiwi mpaka mtu amethibitisha kuwa inapata umeme kwenye pini zake zote, ina ethi nzuri, na sensa zinaifikia. Ukilazimika kununua iliyotumika, Gerezani au Ilala, namba ya kifaa ilingane yote hadi tarakimu ya mwisho. Kwa Toyota kompyuta ya injini huanza na 89661. Andikianeni kuwa isipofanya kazi inarudi, na ujue mapema kuwa gari lenye kinga ya ufunguo litahitaji kuoanishwa na kompyuta hiyo.

Hatua ya 9: Amua nani atengeneze

Fundi umeme mzuri wa mtaani anatosha kwa altaneta, ethi, waya, koili na sensa nyingi. Nenda kwa wakala au karakana yenye vifaa vya kampuni kwa gari lililo kwenye waranti, mifuko ya hewa, kutengeneza ufunguo mpya, kusasisha programu za kompyuta, na kamera au rada za usalama zinazotakiwa kupangwa upya baada ya kubadili kioo cha mbele.

Gari lililotumika Japani usitarajie kuwa waranti ya kiwanda imelifuata hadi huku. Lakini wito wa kiwanda wa kurekebisha kasoro ni jambo tofauti: tovuti za watengenezaji wa Japani zina ukurasa wa kuingiza namba ya chesisi na kuona kama gari lako liliitwa, ikiwemo ile kasoro kubwa ya mifuko ya hewa ya Takata. Chapisha ukurasa huo umpelekee wakala umuulize anaweza kufanya nini.

Hatua ya 10: Kwenye kaunta ya wakala

Nenda asubuhi siku ya kazi. Peleka ukurasa mmoja ulioandikwa: tatizo, lilianza lini, hali linapotokea, kilomita, misimbo na volti ulizopima. Ambatisha picha.

Jobu kadi, karatasi ya kazi anayokufungulia wakala, ndiyo nyaraka yako kuu. Soma kilichoandikwa kabla ya kusaini. "Kuangalia taa" si lalamiko. Liandikwe hivi: "Taa ya cheki injini na VSC huwaka gari likiwa la moto, kwenye foleni, AC ikiwa imewashwa, takriban dakika 40 baada ya kuwasha." Hakikisha kilomita, kiwango cha mafuta, mikwaruzo iliyopo na vitu vilivyomo ndani vimeandikwa.

Kisha kubaliana mambo haya kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu:

- Gharama ya uchunguzi ni kiasi gani, na kama inakatwa kwenye bili ukikubali matengenezo.
- Hakuna spea inayofungwa bila idhini yako.
- Kila spea ije na kipimo kilichoihukumu: "tumepima nini, tumepata ngapi, ilitakiwa ngapi".
- Spea kuukuu unarudishiwa.
- Bei ina VAT ndani au la.

Muulize pia mtu wa mapokezi kama kiwanda kimetoa taarifa ya kiufundi kuhusu dalili hiyo kwa modeli yako. Watengenezaji hutoa taarifa hizo kwa mawakala wao, na swali hilo moja linaweza kuokoa siku kadhaa za kubahatisha.

Tatizo la kuja na kuondoka linahitaji zaidi. Omba fundi apande gari nawe kwenye njia inayolileta, au liache kwao lilale ili walijaribu likiwa baridi na likiwa la moto. Kulipeleka saa nne na kulichukua saa tisa kwa hitilafu inayotokea mara moja kwa wiki ni kupoteza siku ya wote wawili.

Hatua ya 11: Wakisasisha programu

Gari liunganishwe chaja inayoshikilia volti kazi nzima; umeme ukikatika katikati, kompyuta inaweza kufa. Omba toleo la kabla na la baada liandikwe kwenye bili. Uliza kama kuna mipangilio inayotakiwa kurudishwa baadaye: pembe ya usukani, mkao wa throto (mlango wa hewa wa injini), madirisha.

Hatua ya 12: Kulichukua gari

Usilichukue ukiwa na haraka. Lijaribu kwenye hali ile ile iliyoandikwa kwenye jobu kadi. Omba ripoti ya misimbo baada ya kazi, risiti ya EFD, spea za zamani, na waranti ya kazi yenyewe kwa maandishi. Tatizo likirudi, rudi na lalamiko lile lile kwa maneno yale yale. Jobu kadi tatu zenye maneno yanayofanana ndani ya waranti zina nguvu; jobu kadi tatu zenye maneno tofauti zinaonekana kama matatizo matatu madogo.

Mkishindwa kuelewana, panda ngazi kwa barua: meneja wa karakana, uongozi wa kampuni ya wakala, ofisi ya mtengenezaji inayosimamia ukanda huu, kisha Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia ulinzi wa mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ambatisha ripoti ya karakana nyingine huru. Malalamiko bila karatasi hayafiki mbali.

Gari likiingia maji

Masika yakifunga Jangwani na bonde la Msimbazi, usijaribu kupita. Maji yakishaingia ndani, usiwashe hata swichi. Chomoa kibanio hasi. Piga picha mstari wa maji. Kama una bima kubwa, itaarifu kampuni ya bima kabla fundi hajafungua chochote. Inua kapeti siku hiyo hiyo: kompyuta na soketi nyingi ziko chini yake na chini ya viti, na sponji ya kapeti hushika maji kwa wiki. Soketi zilizoloa zisafishwe kwa maji safi ya kuongezea betri (distilled, si asidi), kisha dawa, kisha zikauke kabisa kabla umeme haujarudi. Haibridi iliyozama mwachie fundi wa haibridi.

Ukikwama

*Betri inakufa ikilala siku mbili tatu.* Weka mita ya ampea kati ya kibanio hasi na nguzo, milango imefungwa, ufunguo uko mbali. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, utaichoma. Subiri dakika 45 kompyuta zilale. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Nusu ampea inakula ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 60 haitafika mbali. Usichomoe fyuzi moja moja, unaziamsha kompyuta. Pima milivolti juu ya migongo miwili ya kila fyuzi. Inayoonyesha namba ndiyo inayopitisha umeme. Anza na alamu, GPS na redio.

*Skana haiunganishi kabisa.* Pima pini 16 na 4 za soketi yake. Lazima uone volti za betri. Usipoziona, angalia fyuzi. Kwenye magari mengi ni ile ile ya kiwashia sigara, na chaja mbovu ya simu huiunguza.

*Gari halitambui ufunguo.* Badilisha betri ya ufunguo, mara nyingi CR2032 au CR1632. Kwa dharura, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki.

*Honi haifanyi kazi, vitufe vya usukani vimekufa na taa ya mifuko ya hewa inawaka.* Ni waya wa mzunguko ulio nyuma ya usukani. Kazi hiyo ifanywe na fundi anayechomoa betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa usukani.

*Baada ya kubadili betri, taa ya VSC imebaki.* Injini ikiwaka, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, unyooshe, kisha endesha taratibu barabara iliyonyooka. Isipozima, pembe ya usukani ipangwe kwa skana.

*Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka baada ya kusafisha throto au kuchomoa betri.* Acha injini ingurume dakika kumi bila AC, kisha kumi na AC. Ikigoma, skana ifanye mafunzo ya throto.

*Dirisha la otomatiki halishuki lote kwa mguso mmoja.* Lipandishe hadi juu, endelea kushikilia swichi sekunde chache. Magari mengi hurudi hapo hapo.

*Fyuzi ile ile inaungua kila mara.* Chomoa kila kifaa kilicho kwenye sakiti hiyo, weka fyuzi mpya, rudisha kimoja kimoja. Ikiungua vyote vikiwa vimechomolewa, waya umegusa bodi. Fuata njia yake kwenye mlango, buti na chini ya kiti, sehemu zinazokunjwa au kukwaruzwa.

*Wakala ameandika "hakuna tatizo lililoonekana".* Usibishane kaunta. Omba maneno hayo yabaki kwenye jobu kadi pamoja na kilomita walizoendesha na vipimo walivyofanya, chukua nakala, na siku linapotokea tena piga video yenye dashibodi na saa ya gari ikionekana, usizime injini kama ni salama, na uwapigie gari likiwa bado katika hali hiyo.